Kupiga Picha Minara ya Taa Wakati wa Machweo Kwenye Baridi Kali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kusimama ufukweni jua likizama, baridi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na kurudi na picha inayolingana na tabu aliyoipata. Jambo moja linajirudia humu kwa makusudi: picha bora ya mnara wa taa kwa kawaida hupatikana baada ya jua kuzama. Maandalizi yote ya betri, vidole na lenzi yanakuwezesha kubaki pale dakika 40 zaidi.

## Muda na mwanga

Nifike mapema kiasi gani?

Saa moja na nusu kabla ya machweo. Muda huo si wa kusubiri tu. Unahitaji nusu saa ya kutembea na kuchagua mahali kukiwa bado na mwanga wa kuonyesha barafu ilipo, dakika 20 za kuyatazama mawimbi (sababu imeelezwa kwenye sehemu ya usalama), na muda wa kamera kupoa hadi ilingane na hewa ya nje. Lenzi iliyotoka kwenye gari lenye joto hutoa picha zenye utando kwa dakika kadhaa za mwanzo, na fokasi inaweza kusogea kidogo inapopoa.

Kwa nini nibaki wakati jua limeshazama?

Jua likiwa bado juu, taa ya mnara ni nukta hafifu isiyoonekana. Giza likiingia kabisa, taa inaunguza picha, na mnara wenyewe unabaki kivuli cheusi. Katikati ya hali hizo mbili kuna kipindi kifupi ambacho mwangaza wa anga unalingana na wa taa: rangi ya mnara inaonekana, theluji inashika buluu, na taa inang'aa bila kumeza kila kitu. Kipindi hicho ni pale jua linapokuwa kati ya nyuzi 4 na 6 chini ya upeo wa macho.

Urefu wake unategemea umbali wako kutoka ikweta. Kwenye ikweta jua hufika nyuzi 6 chini ya upeo kwa dakika 22 hivi. Kwenye latitudo ya 45, katikati ya majira ya baridi, huchukua kama dakika 34, na muda mzuri ni kuanzia dakika ya 21 hadi ya 34 baada ya machweo. Kwenye latitudo ya 60 ni karibu saa nzima, kwa sababu jua linazama kwa mshazari mkali. Baridi ya huko ni kali, lakini mwanga unakupa nafasi ya kubadilisha mahali hata mara mbili.

Jua la majira ya baridi linazama upande gani?

Mbali na magharibi kamili kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye kizio cha kaskazini, Desemba, jua huzama kusini-magharibi: kama nyuzi 236 za dira kwenye latitudo ya 45, na kama nyuzi 217 kwenye latitudo ya 60. Mnara uliopigwa vizuri Juni, jua likizama kaskazini-magharibi, unaweza kukosa kabisa mwanga wa pembeni Desemba. Chora mstari kwenye ramani kabla ya kuondoka nyumbani.

Mnara uko pwani ya mashariki, na jua linazama nchi kavu nyuma yangu. Nirudi?

Usirudi. Geukia bahari. Dakika 10 hadi 15 baada ya machweo, anga safi ya mashariki hupandisha ukanda wa waridi, na chini yake ukanda wa buluu iliyokoza ambao ni kivuli cha dunia yenyewe. Mnara mweupe mbele ya kanda hizo mbili hauhitaji jua. Siku ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza upande ulio mkabala na jua, karibu na saa ya machweo. Kwenye kizio cha kaskazini, majira ya baridi, hiyo ina maana ya kaskazini-mashariki.

Mawingu yakitanda je?

Tazama upeo wa upande wa jua. Pakiwa na mwanya hata mwembamba chini ya mawingu, kaa: jua likifika hapo litayawasha kutoka chini. Pakiwa pamezibwa kabisa, bado kuna saa ya buluu, yaani kile kipindi kifupi baada ya jua kuzama.

## Mnara na taa yake

Nitajuaje taa inamweka kwa mpangilio gani?

Kila taa ya baharini ina mpangilio wake, nao huandikwa kwenye ramani za mabaharia na kwenye orodha za taa: idadi ya mimweko, rangi, na sekunde za mzunguko mzima. Portland Head Light huko Maine, Marekani, iliyowashwa mara ya kwanza mwaka 1791, humweka mweupe kila baada ya sekunde 4. Cape Neddick, katika jimbo hilohilo, ni nyekundu, sekunde 3 imewaka na sekunde 3 imezima. Usipopata orodha, hesabu kwa saa: anza mmweko unapotokea na uishie pale mpangilio uleule unapoanza tena. Rudia mara tatu.

Hakikisha pia kwamba taa inafanya kazi. Baadhi ya minara mizuri ilishazimwa, mingine huwashwa na kihisi-mwanga giza linapoanza kuingia, na mingine huwaka mchana na usiku.

Picha yangu iwe ya sekunde ngapi?

Inategemea unataka nini kutoka kwa taa.

Ukitaka tu taa ionekane imewaka, muda wa picha uwe sawa na mzunguko mmoja au zaidi. Taa inayomweka kila sekunde 10 ikipigwa kwa sekunde 10, lazima mmweko mmoja uingie. Ukipiga kwa sekunde 2 unabahatisha. Ukizidisha mizunguko hadi mitatu au minne, mwanga unarundikana na chumba cha taa kinageuka doa jeupe. Hapo piga picha nyingine fupi kwa ajili ya chumba hicho peke yake, kisha uziunganishe nyumbani.

Ukitaka mwale wenyewe uonekane kama mkono ulionyooka, fanya kinyume: picha fupi. Chukua mfano wa taa ya mnara yenye lenzi ya paneli 4 inayozunguka mara moja kwa sekunde 40, yaani mmweko kila sekunde 10. Inakwenda nyuzi 9 kwa sekunde. Picha ya sekunde 1 itautandaza mwale nyuzi 9, utoke kama feni. Picha ya robo sekunde itautandaza nyuzi 2 na kidogo, na bado utaonekana una ncha. Kwa hiyo panda ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) hadi 1600 au 3200, fungua tundu la lenzi, upige mfululizo mwale unapopita mahali unapopataka.

Mbona macho yanaona mmweko lakini hakuna mwale hewani?

Kwa sababu hewa ni safi. Mwale huonekana pale tu mwanga unapogonga kitu: ukungu mwepesi, manyunyu, au theluji laini inayodondoka. Hewa kavu ya baridi kali baada ya dhoruba ni safi mno, na hakuna mpangilio wa kamera utakaoumba mwale ambao haupo.

Sababu ya pili ni taa yenyewe. Miale inayozunguka hutoka kwenye lenzi za vioo vya pete, uvumbuzi wa Mfaransa Augustin Fresnel uliowashwa kwenye mnara wa Cordouan mwaka 1823. Taa nyingi za LED za siku hizi hazizunguki. Zinawaka na kuzima tu. Hapo usitegemee mkono wa mwanga, tegemea mwakisi kwenye maji na barafu.

Mnara unaonekana kuangukia nyuma. Nirekebisheje?

Kosa ni kuinamisha kamera juu. Isawazishe kwa pima-maji lililo kwenye skrini, ugeuze kamera wima, urudi nyuma hadi ncha iingie. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, mnara wa mita 30 ulio usawa mmoja na wewe unahitaji angalau mita 40. Ongeza kidogo ili juu pabaki nafasi. Nusu ya chini ya picha itakuwa ardhi, kwa hiyo itafutie kazi: mkondo wa barafu, alama za upepo kwenye theluji, mwamba. Ukikosa pa kurudi nyuma, acha nafasi pana pande zote, kwa sababu kunyoosha kwenye kompyuta kunakula kingo.

Nataka jua kubwa nyuma ya chumba cha taa. Nisimame umbali gani?

Jua lina upana wa takriban nusu nyuzi angani. Ili lilingane na kitu, zidisha upana wa kitu hicho kwa 108. Chumba cha taa chenye upana wa mita 4 kinalingana na jua ukiwa mita 432. Ukiwa mita 864, jua ni mara mbili yake. Kwenye lenzi ya milimita 400 jua litakuwa na milimita 3.7 kwenye sensa, kwa hiyo chini ya hapo litaonekana dogo.

Jua hutembea upana wake wote kwa dakika 2 hivi. Ukiwa umekosea mahali, una muda wa kukimbia mara moja tu, na kukimbia kwenye barafu ni kosa lingine. Tumia skrini. Usichungulie jua kupitia kitundu cha kioo kwenye lenzi ndefu, kwa sababu jicho linaweza kuungua.

## Mipangilio ya kamera

Nianze na mipangilio gani?

Tripodi (stendi ya miguu mitatu), faili la RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata), ISO 100, tundu la f/8, kipima muda cha sekunde 2 au rimoti. Mtikiso wa kidole chenye glavu nene ni mkubwa kuliko unavyodhani. Zima kizuia-mtikiso kamera ikiwa juu ya tripodi, isipokuwa maelekezo ya kamera yako yanasema inajitambua yenyewe. Ukitaka jua litoe miale kama nyota linapogusa ukingo wa mnara, nenda f/16 (tundu dogo zaidi), kisha rudi f/8, maana f/16 hupunguza ukali wa picha nzima.

Kadiri giza linavyoingia, usiguse tundu wala ISO. Refusha muda tu. Angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto, weupe kulia) kila dakika 2 au 3. Skrini inayong'aa gizani hudanganya: picha iliyo nyeusi mno itaonekana safi.

Theluji yangu inatoka kijivu. Kwa nini?

Kipimo cha kamera hudhani kila kitu kina wastani wa kijivu, kwa hiyo kikiona weupe mwingi kinaupunguza. Fidia kwa kuongeza stopu 1 hadi 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili) theluji ikijaza picha. Lakini ikiwa anga lenye jua limechukua nusu ya picha, kipimo kinavutwa upande mwingine. Usikariri namba, soma histogramu, uhakikishe ukuta wa mnara uliopigwa na jua haujagota upande wa kulia.

Fokasi inatafuta bila kukamata.

Taa ikiwaka, fokasi ya kamera inaishika, ikizima, inaipoteza. Fanya hivi kungali na mwanga: elekeza kwenye reli za baraza linalozunguka chumba cha taa, kuza mara 10 kwenye skrini, weka fokasi kwa mkono, kisha bandika kipande cha utepe kwenye pete ya lenzi. Hakiki tena baada ya nusu saa, lenzi ikishapoa.

Nibebe filta gani?

Filta nyeusi ya stopu 6 ndiyo inayolipa: hugeuza 1/15 ya sekunde kuwa sekunde 4, na mawimbi yanakuwa moshi huku yakibaki na umbo. Ya stopu 10 hufikisha muda uleule zaidi ya dakika moja, na bahari inakuwa bapa kabisa. Wengine wanapenda hivyo. Kwa maoni yetu bahari ya majira ya baridi hupoteza nguvu yake. Filta iliyo nusu nyeusi iepuke, kwa sababu mnara unavuka upeo na ncha yake itatiwa giza pamoja na anga. Piga picha tatu za viwango tofauti vya mwanga badala yake.

Rangi niziache kamera ichague?

Hapana, itaondoa ile buluu na dhahabu uliyoifuata. Kwenye mpangilio wa rangi (white balance) weka alama ya jua, na kwa kuwa ni RAW utarekebisha baadaye.

## Baridi na vifaa

Betri inaisha haraka. Imeharibika?

Haijaharibika. Baridi hupunguza kasi ya kemia iliyo ndani, nguvu inashuka, na kamera inadhani imeisha. Ipashe moto mfukoni na sehemu kubwa ya chaji itarudi. Beba tatu, mbili zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na uzizungushe kila kamera inapolalamika. Usichaji betri iliyo chini ya nyuzi sifuri. Iache kwanza ipate joto la chumbani.

Simu ni hivyohivyo, na huzima ghafla hata ikisema ina asilimia 30. Isikae mkononi, itoe, tazama ramani, irudishe kifuani.

Nimeingia ndani na kamera ikalowa yote. Nifanye nini safari ijayo?

Ukiwa bado nje, toa kadi ya memori, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, ufunge kabisa. Ingia ndani na usifungue kwa saa 1 hadi 2. Unyevu utashika juu ya plastiki badala ya kamera. Kama imeshalowa, toa betri na uiache ikauke mahali penye hewa. Usiiwashe wala usiiweke juu ya hita.

Lenzi inashika ukungu au barafu ninapopiga.

Mara nyingi ni pumzi yako. Usiinamie lenzi, wala usiipulizie kuondoa theluji. Tumia brashi au kipuliza cha mpira. Kwa kukaa muda mrefu, funga kifuko cha kupasha joto mikono kwenye pipa la lenzi kwa mpira, karibu na kioo cha mbele.

Manyunyu ya bahari ni balaa tofauti. Kila tone likikauka linaacha duara dogo la chumvi, jembamba kama pete ya chai mezani. Mchana hulioni. Taa ya mnara ikimweka, kila duara linawaka kama jicho. Kukausha tu kwa kitambaa kunasugua chumvi kwenye kioo, kwa hiyo beba vitambaa vitano vya maikrofaiba, viwili vikiwa na maji baridi yasiyo na chumvi, kwenye mfuko wa ndani visigande. Futa kwa kilicholowa, malizia kwa kikavu, ufunike lenzi kila baada ya picha.

Tripodi imegoma kukunjwa.

Maji yameingia kwenye vifungio yakaganda. Usilazimishe, uzi wa kifungio unakatika. Ibebe ilivyo, iyeyuke ndani, kisha ioshe kwa maji safi, kwa sababu ikigusa bahari chumvi itakula viungo. Kinga ni kurefusha kwanza sehemu ya chini kabisa hata kidogo, ili kifungio kibaki juu ya maji. Kwenye theluji sukuma miguu hadi igonge kitu kigumu. Usipofanya hivyo, itazama polepole katikati ya picha ya sekunde 30. Miguu ya chuma usiishike kwa mkono mtupu.

## Mwili na usalama

Vidole vinaganda. Glavu gani?

Mbili pamoja: nyembamba zinazokubali vitufe, na juu yake zile zisizo na vidole tofauti, zilizofungwa kamba ili upepo usizichukue. Ukivua kwa ajili ya kubadilisha kitu, rudisha mara moja. Vidole vilivyopoa kabisa vinachukua muda mrefu kupata joto. Miguuni vaa soksi za sufu na buti zisizobana, kwa kuwa buti iliyobana huzuia damu. Simama juu ya kipande cha mkeka wa povu. Baridi inayowafukuza watu mapema hupanda kutoka ardhini.

Mawimbi yanatazamwa vipi?

Kwa dakika 20 bila kupiga picha. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na dakika tano za utulivu hazithibitishi kitu. Mwamba uliolowa umefikiwa hivi karibuni. Kwenye baridi utakuwa pia na barafu isiyoonekana juu ya mwani mweusi. Simama palipokauka, ufahamu kama maji yanajaa au yanapwa, na usiipe bahari mgongo hata wakati wa kutazama skrini.

Barafu iliyoshikana na ufuko au gati inabeba mtu?

Chukulia kwamba haibebi. Kingo za barafu kwenye maziwa makubwa na bahari hujengwa na manyunyu na vipande vilivyosukumwa, zikiwa na matundu ndani, na zinaonekana kama ardhi iliyofunikwa theluji. Kaa palipo na ardhi unayoijua.

Mtu akianguka majini?

Wataalamu wa maji baridi wana kanuni ya 1-10-1: dakika 1 ya kudhibiti pumzi inayohema kwa mshtuko, dakika 10 za viungo kuweza kufanya kazi, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu. Usimrukie. Piga simu ya dharura, mpe kamba, fito au mguu wa tripodi. Hii ndiyo sababu ya kutokwenda peke yako, na ya kumwambia mtu wa nyumbani saa utakayorudi.

## Hali zisizo za kawaida

Minara iliyofunikwa barafu yote hutokea vipi?

Upepo mkali hurusha mawimbi juu ya gati siku nyingi mfululizo, hewa ikiwa chini kabisa ya sifuri, na kila tabaka linaganda juu ya lililotangulia. Minara ya St. Joseph kwenye Ziwa Michigan inajulikana kwa hilo. Nenda upepo ukishatulia, piga kwa lenzi ndefu ukiwa ufukweni. Gati lenyewe huwa limegeuka mteremko wa kioo. Jua la pembeni la machweo ndilo linaloonyesha mikunjo ya barafu, kwa hiyo mnara wa namna hii ndio pekee tunaoshauri upigwe zaidi kabla ya jua kuzama.

Honi ya ukungu ikilia karibu yangu?

Ziba masikio na usogee. Baadhi hujiwasha zenyewe ukungu unapoingia, bila onyo.

Droni je?

Uliza kwanza sheria za eneo, kwani minara mingi iko kwenye hifadhi. Pasha betri joto kabla ya kuruka, irudishe ikiwa na nusu ya chaji, na usiirushe kwenye ukungu ulio chini ya sifuri: barafu hushika panga kwa dakika chache, na droni inashuka majini.

Nikitoka gizani?

Taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu kwa kufungasha, mweupe kwa kutembea. Kabla ya kuuwasha mweupe, angalia kama jirani yako ana shata wazi, yaani yuko katikati ya kupiga picha ndefu.